Namna ya Kuitafuta Nyanya ya Bibi

Kwanza hakikisha bibi ameshafariki. Bibi aliye hai ni kikwazo: ukimwuliza ile nyanya yake ilikuwa mbegu gani atakujibu kwa neno moja, na safari yote itaishia barazani. Sisi tulisubiri vizuri. Bibi yetu alilima nyanya Lushoto, milima ya juu ya Soni, miaka yote ya utoto wetu, na hakuna mjukuu aliyemwuliza lolote zaidi ya "Chakula bado?"

Kisha itisha kikao cha ukoo kupata maelezo. Kaka atasema ilikuwa kubwa, yenye mikunjo kama boga. Dada ataapa ilikuwa ndogo kama yai la kwale. Baba mdogo, ambaye hajawahi kushika jembe mbele ya mashahidi, atatangaza kwamba mbegu ililetwa na Mjerumani. Usibishane naye. Usambara kila kitu cha zamani kililetwa na Mjerumani, hadi mlango usiofunga. Na kwa kuwa Lushoto iliwahi kuitwa Wilhelmstal, na kule Amani walijenga taasisi yao ya kilimo mwaka 1902, utakosa pa kumbania. Jambo moja tu litapita bila kupingwa: ilikuwa tamu.

Lichukue hilo neno ulipeleke Arusha, kwa watu wanaotunza mbegu. Mtaalamu atakuuliza: mche ulikuwa mfupi au wa kufungia kwenye mti? Jani lilikuwa limechanika, au pana kama la kiazi ulaya? Tunda ukilikata, vyumba vya mbegu vingapi? Jibu: "Lilikuwa tamu." Akirudia swali, ongeza: "Sana."

Sokoni utapata huduma ya haraka zaidi. Muuzaji atakuhakikishia kuwa hizi zilizo mbele yako ndizo za bibi yako, tena alimfahamu. Nunua, kamua mbegu, panda. Zikiwa zimetoka kwenye chotara ya F1, watoto watatokea kila mmoja na sura yake, kama sisi kwenye kikao.

Usikate tamaa, maana maumbile yako upande wako. Ua la nyanya kwa kawaida hujichavusha lenyewe, kwa hiyo mbegu isiyo chotara inaweza kupita mikononi mwa bibi watatu ikabaki ileile. Kinachoimaliza ni wajukuu. Bibi alikuwa anachagua tunda moja, zuri kuliko yote, sisi tukilimezea mate, analiacha shambani mpaka lilegee. Analikamulia kwenye kikombe cha bati. Siku ya tatu kikombe kinanuka, juu kimefanya utando mweupe, na ole wako ukikimwaga ukidhani umesaidia usafi (nilisaidia mara moja tu). Anaosha mbegu, anazitandaza kwenye karatasi ya kalenda, zikikauka anaichomeka karatasi darini, moshi wa jiko uifikie.

Kwa hiyo pekua dari. Tulipopekua ya kwetu ikadondoka Julai 1988, nyeusi kwa masizi, mbegu kumi na nne zimeng'ang'ania katikati ya mwezi. Mbegu ya nyanya iliyotunzwa vizuri hudumu miaka kadhaa. Hizi zilikuwa zimepitisha marais. Tukazisia kwa heshima zote, kwenye udongo uliochekechwa, chini ya kivuli cha nyasi. Wiki ya tatu kikachomoza kitu, baba mdogo akatangaza ushindi mbele ya majirani. Ilikuwa mnavu. Mnavu ni ndugu wa nyanya, ila ndugu wa aina ya baba mdogo: huja bila kualikwa.

Ukishindwa kabisa, nenda kamsalimie shangazi aliyebaki kijijini, yule ambaye kikao kilisahau kumwita. Piga shikamoo, kaa mkekani, kula utakachopewa. Mimi niliwekewa ugali, maharage na bakuli la kachumbari. Nilikula huku nikimweleza msiba wote, kuanzia Arusha hadi mnavu, nikalalamika kama inavyompasa mtu wa mjini: nyanya za siku hizi maji matupu, mtu haoni tofauti na tango. Nikaongeza kachumbari.

"Baba," shangazi akasema, akinisogezea bakuli, "hizo ndizo za mama. Zinajiotea nyuma ya bafu miaka yote. Huwa tunawaachia kuku."