Ukilala kwa Sultani Unaamka Sultani?

Msyuu! Ya ticha mmeyasikia? Vijihela vya kusimamia mtihani vimeingia, sasa anataka kumpeleka mama watoto Unguja. Hilo halina ubaya. Ila tangu juzi hapa kijiweni Majengo, Songea, hatunywi kahawa kwa amani: achukue gesti ya bei chee kule Ng'ambo, au hoteli ya kihistoria Mji Mkongwe? Katoa simu, tukaonyeshwa kitanda cha nguzo nne na mlango wa misumari ya shaba. Dereva wa boda kamuuliza, "Kwani ticha, unakwenda kulala na mlango?"

Kihistoria, haya. Historia ya nani? Africa House ya pale Shangani ilikuwa klabu ya Waingereza. Enzi zile babu yake ticha, Mmatengo wa Mbinga, angeingia mle amebeba sinia. Leo mjukuu akalipe mshahara wa mwezi ili aitwe "bwana" kwenye kiti kilekile! Nilidhani nimemmaliza. Mzee fundi cherehani kakata uzi kwa meno, kasema hiyo ndiyo sababu pekee ya maana ya kwenda. Nikanyamaza kidogo.

Halafu si kila jina la kale lina kuta za kale. New Africa ya Dar Wajerumani waliifungua mwaka 1906 ikiitwa Kaiserhof. Jengo lile lilishavunjwa, lililopo ni jipya. Ukilala pale usije ukatuambia umelala kwa Kaisari. Na kuta za kale zenyewe nazo zina mambo yake: Beit al-Ajaib ya hukohuko Mji Mkongwe iliporomoka upande Desemba 2020, mchana kweupe.

Gesti nayo tusiisifie bure, tunazijua. Malapa mawili, yote ya mguu wa kushoto. Chandarua tundu limefungwa fundo. Kipande cha sabuni ukikilowesha mara mbili kimeisha. Na lile daftari la mapokezi! Jina, unatoka wapi, unakwenda wapi, kazi yako, mpaka kabila. Hoteli ya kihistoria inakuuzia historia yake. Gesti inataka yako, tena kabla hujapewa ufunguo.

Hispania wenzetu serikali yenyewe ndiyo mwenye hoteli. Tangu 1928 wana mtandao unaoitwa Parador: makasri na nyumba za watawa za kale, watu wanalala humo. Sisi je? Mgeni anafunga safari kuja Songea Februari 27, kuwakumbuka mashujaa 67 wa Majimaji walionyongwa hapa siku hiyo mwaka 1906. Anatoka makumbusho machozi yanamlenga, jioni analala kwenye chumba cha vigae vyeupe kisicho na tofauti na cha Makambako. Nyoo! Mji una habari nzito namna hii, na ukutani wametundika picha ya maporomoko ya maji ya Ulaya.

Eti hatuna pa kale pa kulala. Peramiho je? Wabenediktini walianza pale mwaka 1898, misheni ikachomwa moto kwenye Vita vya Majimaji, ikajengwa upya, na wageni wanapokelewa hadi leo. Kupokea mgeni kumo kwenye kanuni ya shirika lao. Kutoka hapa ni bodaboda tu, wala huhitaji boti. Lakini nani atamwambia mama watoto kwamba fungate waliyoikosa wataifidia kwa watawa?

Kwa hiyo ticha, sikiliza. Lala gesti Ng'ambo, lakini kwanza fungua bomba uone kama maji yanatoka, ndipo ulipe. Jioni mvalishe mama kanga mpya, pandeni ngazi za Africa House, agizeni juisi mojamoja, mtazame jua likizama baharini. Kaeni mpaka mhudumu achoke kuwaangalia. Mlango wa misumari upige picha kwa nje, hautozwi. Na kabla hujakata tiketi ya basi, lipa kahawa za watu, unadaiwa tangu Jumatatu.