Nimepimwa Kuliko Kitambaa

Nimepimwa mimi kuliko kitambaa cha sare mwezi wa Januari. Uzito nimepimwa, urefu nimepimwa, presha ndiyo usiseme. Wiki iliyopita binti wa jirani yangu hapa Kashaulili, Mpanda, ambaye siku hizi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, akapiga hodi. "Shikamoo baba." Nikaitika marahaba nikidhani kaja kuazima pampu ya baiskeli. Kumbe kaja kunihesabu.

"Baba, kaya ina watu wangapi?"

Anawajua wote, wawili kasoma nao darasa moja. Lakini kishikwambi hakiwajui, na kishikwambi ndicho bosi. Basi nikaanza kuwataja wanangu, jina na umri, mbele ya mtoto aliyekula ugali kwangu miaka kumi.

Vyandarua? Vitatu. (Kimoja kinafunika vifaranga, ila sikuulizwa kinamfunika nani.) Maji ya kunywa mnachemsha? Tunachemsha. Mama watoto akakohoa kule jikoni. Choo? Kipo. Pa kunawia mikono? Papo.

"Naomba nikapaone, baba."

Kibuyu chirizi changu ni dumu la lita 5 lililoning'inia kwenye mti, na kamba inayoshuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Nilikitundika mwenyewe siku tulipoambiwa wakaguzi wanapita. Binti akakanyaga kijiti. Dumu likainama kwa adabu zote, tone halikutoka. Akakanyaga tena, akatoka buibui. Sabuni iliwahi kuwapo, kunguru akaondoka nayo. Nilimweleza hivyo na ni kweli tupu, lakini ukishakamatwa na buibui hata ukweli wako unanuka uongo. Hakusema neno. Akabonyeza kioo mara moja, tii. Sijapata kuhukumiwa haraka vile.

Kupimwa sikatai. Kinachoniudhi ni majibu kutorudi. Fundi cherehani akinizungushia futi kiunoni, Ijumaa nakwenda kuchukua suruali. Hawa wengine wakinizungushia futi, kiuno changu kinasafiri hadi Dodoma na hakiandiki hata barua.

Na hesabu zikirudi, zinarudi na habari tuliyonayo. Sensa ya Agosti 2022 ilikuta mkoa wetu wa Katavi una watu 1,152,958, wakati 2012 tulikuwa 564,604. Tumezidi mara mbili katika miaka kumi! Aliyewahi kupanga foleni ya dirisha la dawa hakuhitaji karani wa sensa kumwambia.

Hata furaha wanaipima. Ripoti ya furaha duniani ya 2019 iliiweka Tanzania nafasi ya 153 kati ya nchi 156, Finland ikawa ya kwanza. Wanapimaje? Mtu anaambiwa afikirie ngazi, chini kabisa 0, juu kabisa 10, aseme yeye kasimama kidato kipi. Mimi ngazi yangu ina vidato sita na cha tatu kimevunjika, ningejibu nini? Halafu mtu wa Mpanda ukimuuliza habari za maisha atakwambia nzuri hata kama nyumba inaungua. Mwombe mkopo ndipo utasikia hali halisi. Inategemea anayeuliza kaja na nini mkononi.

Lakini niwe mkweli, kuna namba moja ilirudi ikatukuta nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulisema Katavi, katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 45 walishazaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Taifa zima ilikuwa 27. Hakuna mkoa uliotuzidi. Kijiweni tulikuja juu: wamehesabu vibaya, wameuliza wapita njia. Mzee mmoja hakubishana. Akaanza kuhesabu nyumba za mtaani kwake kwa vidole, akafika kidole cha saba, akanyamaza, akaagiza kahawa nyingine. Nasi tukanyamaza.

Marehemu baba yangu naye alipimwa, 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa kikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, wakakubaliana nani achimbe choo na lini. Kipimo kilikuwa shimo: lipo au halipo. Kujua matokeo ulikwenda ukachungulia, kwa uangalifu, na kikundi kizima kikajua siku hiyo hiyo nani kachimba na nani ana maneno tu.

Haya yote nilimmwagia binti, maskini, amesimama juani. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa futi, akanizungushia kiunoni, akasoma kwa sauti ambayo mama watoto aliisikia jikoni, na nadhani na jirani wa pili aliisikia: "Sentimita 108, baba. Mwanamume akivuka 102 ni hatari kwa moyo na kisukari. Punguza ugali wa usiku, na kwenda sokoni tembea kwa miguu, bodaboda umwachie mgonjwa."

Basi hayo ndiyo majibu niliyokuwa nayalilia, na sikuyapenda hata kidogo.

Amesema atapita tena Jumamosi. Dumu nimelijaza. Sabuni ya mche nimeitoboa katikati nikaifunga kwa waya, kunguru ashindane nao. Mwanangu, ukija pita moja kwa moja chooni ukakague. Futi iache kwenu.