Namna ya Kuua Kauri Bila Kuacha Ushahidi

Fundi wangu wa Makanyagio, hapa Mpanda, umeletewa kengele ya geti iliyokata sauti. Ifungue. Ndani utakuta kisahani cha shaba njano, juu yake kauri nyeupe nyembamba kama ganda la yai. Kisahani kipya cha dukani kimezidi tundu kidogo? Usikirudishe. Kichonge.

Shika grainda, kavukavu. Maji ni ya waoga. Kauri hii wataalamu huiita feroelektriki (jina lina chuma, yenyewe haina). Kiwandani ilitiwa umeme wa maelfu ya volti kwa kila milimita, mpaka vijieneo vyake vya ndani vikaelekea upande mmoja, kama wanafunzi mstarini asubuhi. Mpangilio huo ndio unaoipa sauti; ukivurugika, kinachobaki ni kigae. Sasa wewe ndiye mbwa aliyeingia mstarini. Kila punje ya jiwe inakwaruza, inaacha nyufa usizoziona, inavigeuza shingo vijieneo vya juu. Kauri nene ingeumia ngozi tu. Hii yako ni ngozi karibu yote.

Moto nao usisahau. Kauri ya titaneti ya bariamu husahau mpangilio wake wote kwenye nyuzi 120 hivi. Ile yenye risasi, zirkoni na titani huvumilia zaidi, lakini chuma chako cha kulehemu kinafika 350. Kigandamize juu ya kauri, kisha pokea simu ya shemeji.

Ndiyo, risasi. Zaidi ya nusu ya uzito wa kauri hiyo ni risasi, madini yaleyale yaliyochimbwa hapa Mpanda hadi tukaletewa reli kutoka Kaliua. Kwa hiyo vumbi lake lipulize kwa mdomo, jirani muuza chipsi naye apate mgawo.

Viwandani wana mambo yao: gurudumu la almasi, maji yanatiririka, wanakata kidogo kidogo, kisha wanaipasha ili mkazo ulegee, ndipo wanaitia umeme upya. Wengine huchonga kwanza, umeme baadaye. Hawana mteja aliyeacha bodaboda ikiunguruma nje.

Mimi nimeshaua nne, najua ninachosema.

Fungia kisahani, bonyeza kitufe. Ukisikia mbu aliyefungiwa chupani, kazi imekwisha. Mwambie mteja tatizo ni betri. Betri unazo, kabatini, elfu mbili.