Drams Zikikukimbia: Nasaha kwa Mpiga Besi Mgeni

Karibu kwenye besi. Uliambiwa ni gita rahisi, lina nyuzi nne tu, na tena hakuna anayemwangalia mpiga besi, kwa hiyo hutasumbuliwa. Hilo la pili ni kweli. Usiloambiwa ni kwamba umeajiriwa kutunza siri za mpiga drams.

Siri kubwa ni kukimbiza. Wimbo wa dansi unaujua: mwanzo waimbaji wanalalamikia mapenzi kwa upole, halafu magita yanachemka na kila mtu anasahau alichokuwa analalamikia. Hapo kwenye kuvuka ndipo mwenzako anapoona kiuno cha mtu mbele ya jukwaa, moyo unampanda, na mguu unafuata moyo. Mmeanza na mapigo 120 kwa dakika, mara mko 135, na bado kuna dakika nane mbele, maana ukumbini wimbo hauishi mpaka kiongozi wa bendi aridhike.

Wewe mgeni utajaribu kumrudisha kwa kupiga taratibu, kama anayemvuta ng'ombe kwa mkia. Thubutu! Ukumbi utakuwa na miendo miwili, na wachezaji wataanza kukanyagana. Na mwenye kosa utakuwa wewe, hata kama umemeza saa ya ukutani. Drams zinasikika mpaka kwa muuza mishikaki nje ya geti. Besi wanaisikia wanaoijua.

Nenda naye. Ila punguza maneno. Achana na vile vionjo ulivyofanyia mazoezi wiki nzima. Piga noti nene, chache, pale ngoma yake ya mguu inapoangukia, na kwingine nyamaza. Sikiliza rekodi za zamani za bendi ya Msondo, iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, au za Sikinde waliokuja mwaka 1978, halafu fuata besi peke yake. Utashangaa ilivyojaa mapengo. Mkimbizaji akikosa wa kukimbizana naye huanza kuchoka. Mizunguko minne au mitano ikipita, kaa nyuma ya mguu wake kidogo tu, unywele mmoja. Asijue. Akijua, ataongeza mwendo kwa hasira.

Kabla hujamlaumu lakini, angalia umesimama wapi. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Ukijitenga mita 10 ili upigwe picha vizuri, mdundo unakufikia umeshachelewa karibu sehemu 3 za mia za sekunde, na wewe unajibu barua ya jana. Sogea. Simama upande wa hai-hati uone goti lake. Mikono ya mpiga drams imejaa madoido, inaweza kukudanganya. Goti halina wa kumringia. (Leo Fender, mtengenezaji wa magita, aliliita gita lake la besi la mwaka 1951 Precision, yaani usahihi. Alimaanisha sauti. Mwendo alituachia wenyewe.)

Kinyume chake, kuvuta mwendo nyuma, ni ugonjwa wa saa nane za usiku, na mara nyingi ni njaa tu. Mletee chipsi.

Balaa lenyewe ni "moja", pigo la kwanza la mzunguko, kugeuka. Kwenye harusi moja mjomba wa bibi harusi alipanda jukwaani kumtunza mpiga drams wetu, akambandika noti ya msimbazi kwenye paji la uso. Jasho likafanya kazi yake. Nikaiona ile noti nyekundu inateleza, inapita nyusi, inafunika jicho. Akainua mkono mmoja kuikamata, akameza pigo, na aliporudi "moja" yake ilikuwa imekaa kwenye "mbili" yangu. Solo akanigeukia. Rithim akanigeukia. Mpiga tumba alifumba macho kama mtu aliye kwenye maombi.

Bahati waimbaji walikuwa wamepumzika, wanafuta jasho. Wangekuwa katikati ya ubeti, ningebaki nao nikaikandamiza "moja" yao kwa nguvu mpaka mwenzetu aisikie, maana mwenye maneno mdomoni hawezi kuruka silabi kwa ajili ya msimbazi. Lakini zilikuwa zinaongea nyuzi tupu. Nikashika noti moja kwenye uzi mnene, nikaiacha ilie, pigo likapita bila mimi, nikatua kwenye "moja" yake. Magita yakaja nyuma yangu kana kwamba tulikuwa tumeipanga mazoezini. Shangazi mmoja pale mbele alikanyaga hewa mara moja, akajicheka mwenyewe, akaendelea kuzungusha.

Wakati huo wote usimgeukie mwenzako kwa uso wa trafiki. Tabasamu. Watu wakiona mpiga besi anacheka na drams, wanadhani ni ufundi.

Usiku ule, tulipomaliza kufunga vyombo, mpiga drams alinichukua hadi kwa muuza chipsi, akanunua chipsi mayai mbili kwa noti ile ile, bado mbichi kwa jasho. Tukala tumesimama. Akafuta vidole, akaniinamia sikioni ili wengine wasisikie.

"Kaka, usinielewe vibaya. Leo besi ilikuwa inayumba kidogo."

Nikamwambia nitaiangalia.