Kwa Cherehani, Bonyeza Tatu

Mtu mwenye namba ya mkononi anaweza kuwa yeyote: wakala wa forodha, tapeli, au yote mawili kwa zamu. Lakini mwenye namba ya mezani, inayoanza na 022, lazima awe na mlango, na mlango hugongwa. Hiyo ndiyo imani ya Mzee, mwenye kiofisi chetu cha uwakala wa forodha katikati ya Dar es Salaam, na mimi sijapata hoja ya kumpinga. Wateja wetu wengi wako Bujumbura, Goma na Lubumbashi. Mtu ambaye kontena lake liko bandarini na yeye mwenyewe yuko nchi nyingine hataki kusikia habari ya namba kubadilika. Ukimwambia hivyo, hata kama ni kweli, usiku huo halali.

Basi tulipokubaliana kuingia kwenye simu za intaneti, Mzee alitoa sharti moja tu: namba ibaki ileile. Mengine yote, ruksa.

Na mengine yalikuwa na hali mbaya. Ofisi nzima ilikuwa na laini moja na simu moja, iliyokaa mapokezi. Mteja akipiga, dada wa mapokezi aliulaza mkonga mezani, akasimama mlangoni, akaita jina la mteja, mji wake na aina ya mzigo wake, kwa sauti iliyofika ghorofa ya chini. Ghorofa ya chini kuna ofisi nyingine ya forodha. Mzee anaamini mpaka leo kuwa wapo wateja waliotuhama kwa njia ya ngazi.

Fundi wetu, kijana mpole mwenye begi lisiloisha nyaya, alimtuliza kwa kisa. Huko Kansas City, Marekani, palikuwa na mfanyabiashara wa maziko aitwaye Almon Strowger. Inasimuliwa kwamba mpokea simu wa kituo cha mji alikuwa na udugu na mshindani wake, kwa hiyo kila mfiwa aliyeomba kuunganishwa na Strowger aliunganishwa kwingine. Strowger hakwenda kugombana na mtu. Alibuni mtambo wa kuunganisha simu usiohitaji mpokeaji, akapewa hataza mwaka 1891. Mzee alisikiliza yote haya akiwa ameikodolea macho sakafu, yaani dari ya jirani, kisha akasema, "Huyo marehemu tungefanya naye kazi."

Kilichomalizia kumshawishi ni neno "bure". Programu ya kuendesha simu za ofisi, Asterisk, ilianzishwa mwaka 1999 na Mmarekani mwingine, Mark Spencer, ambaye alihitaji mtambo wa simu wa ofisini, akaona bei yake, akaamua kujiandikia wa kwake. Programu hiyo haiuzwi, na inatosha kwenye kikompyuta cha Raspberry Pi kinachoenea kiganjani. Mzee aliuliza kama ni bure kweli. Ni bure kweli. Akauliza tena, safari hii mbele ya mashahidi.

Kwenye kampuni ya simu tulikwenda na barua yenye mhuri, kuomba namba itoke kwenye waya wa shaba ihamie kwenye intaneti. Mzee alikuwa na uhakika. Mwaka 2017 si Tanzania iliruhusu watu kuhama mtandao na namba zao? Dada wa dirishani akamjibu kwa upole kuwa ule mpango ulikuwa wa simu za mkononi. Kisha akaangalia kompyuta yake, akatuangalia sisi, akaangalia tena kompyuta.

"Shikamoo tena, mzee wangu. Hii laini si yenu."

Jina alilolisoma tulilifahamu. Lilikuwa likija kwenye ankara mwezi baada ya mwezi, na Mzee siku zote alidhani ni la mhasibu wa kampuni ya simu. Kumbe ni la fundi wa kutengeneza cherehani aliyepanga chumba chetu kabla yetu. Alipohama aliacha meza, kalenda na laini ya simu. Sisi tukavirithi vyote, na meza bado tunaitumia. Sasa ilitakiwa aje mwenyewe, na kitambulisho, aandike kuwa ametuachia.

Hatukujua aliko, ingawa wateja wake tuliwajua vizuri mno. Haikupita wiki bila mtu kupiga na kuulizia sindano, mkanda au bobini, na dada wa mapokezi kumjibu, "Amehama, mama." Safari hii mama mmoja wa Magomeni alipopiga, tukamzuia asikate, tukamuuliza kama anajua alikohamia.

"Si yuko Morogoro? Kila mtu anajua."

"Sasa mama, mbona unampigia huku?"

"Namba yake ninayo hii."

Mzee wa cherehani alipatikana, akafurahi kusikia kuwa namba yake ni nzima, akaahidi kuja. Lakini ilikuwa Januari, msimu wa sare za shule, na Januari cherehani zote za Morogoro huharibika kwa pamoja. Wakati tukimsubiri, fundi alipendekeza njia isiyohitaji saini ya mtu: namba ibaki kwenye shaba kama ilivyo, kisha pale mwisho wa waya, badala ya simu, tuweke kisanduku cha kuipokea sauti na kuikabidhi kwa ile kompyuta ya kiganjani, nayo iigawe kwenye meza zetu.

Kisanduku cha kwanza alikinunua Mzee mwenyewe, kwa kuwa bei aliyotaja fundi ilimtia shaka. Visanduku hivi vina matundu ya aina mbili, na ubaya wake ni kwamba kwa macho yanafanana. Tundu la FXO hupokea umeme unaotoka kituo cha simu. Tundu la FXS hutoa umeme wake lenyewe, kulisha simu ya mezani. Cha Mzee kilikuwa na FXS mbili na kipunguzo cha bei. Kuchomeka humo waya wa kampuni ya simu ni kukutanisha washenga wawili, wote wa upande wa bwana harusi: kila mmoja amekuja kutoa, wa kupokea hayupo. Laini iliyotulia hubeba volti 48 hivi, na hizo kisanduku kilizivumilia. Lakini simu inapoita, kituo hupitisha kwenye waya umeme wa karibu volti 90. Mteja wa kwanza alipopiga, hatukusikia mlio. Tulisikia harufu.

Fundi alikuja kuzikagua nyaya, akazishika ncha mbili kwa vidole, na Bujumbura wakachagua dakika hiyo kuulizia mchele wao. Ndiye mtu pekee ofisini aliyewahi kujua simu inaita kabla ya dada wa mapokezi.

Kisanduku cha pili kilikuwa sahihi, na kwa saa kadhaa tulikuwa ofisi ya kisasa. Mzee alisikia mwangwi wa sauti yake kwenye mkonga, akakataa usirekebishwe mara moja. Alisema haijawahi kutokea ofisi hii mtu akayarudia maneno yake yote bila kuyapinga. Umeme ulipokatika tulikumbuka kuwa simu ya zamani haikuwa na habari na mgawo, kwa kuwa ililishwa kutoka kituoni. Ila kisanduku hiki kilikuwa na akili: kikikosa umeme, huiachia laini iende moja kwa moja kwenye simu iliyochomekwa pembeni. Ndiyo sababu ile simu ya zamani iko mapokezi mpaka leo, na ikilia tu, kila mtu anajua ni wakati wa kuhifadhi kazi yake.

Kisha wateja wakaanza kulalamika kuwa namba yetu inatumika mchana kutwa. Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa akiongea na mtu.

Tatizo lilikuwa kuagana. Laini ya shaba kama yetu haina namna ya kutamka kuwa aliyepiga ameshakata. Inachojua ni kulia: tuu, tuu, tuu. Binadamu akiusikia mlio huo huweka mkonga chini, hahitaji kufundishwa. Kisanduku kinahitaji kufundishwa, na hiki kilikuwa kimetoka kiwandani na mafunzo ya Marekani, ambako mlio wa simu iliyokatwa ni sauti mbili kwa pamoja, hezi 480 na hezi 620, zinazolia na kunyamaza kwa zamu. Wa kwetu si huo. Basi mteja anakata, laini inalia kwa kadiri ya uwezo wake, na kisanduku kimeshikilia, kinangoja kuagwa Kimarekani. Na kikishikilia, namba inatumika.

Usiku ilikuwa balaa zaidi. Mtu wa Goma aliacha ujumbe wa sauti wa maneno machache, akakata, na mashine ikaendelea kuurekodi ule mlio mpaka kadi ya kumbukumbu ikajaa. Asubuhi Mzee aliketi na kuusikiliza. Nilimwambia hakuna kitu humo. Akanijibu, "Mwanangu, yule ana makontena mawili. Huenda mwishoni amesema jambo."

Dawa yake ni kuurekodi mlio wetu, kupima mapigo yake kwenye kompyuta, na kukifundisha kisanduku. Kazi nyepesi, ila alihitajika mtu wa kupiga na kukata ghafla. Fundi alimpa kazi hiyo shangazi yake. Shangazi akapiga, akaambiwa akate. Akasema haya. Akauliza kama fundi amekula. Akasema haya basi, akaagiza salamu, akasema sawa, akakumbuka habari ya shamba, akasema haya tena. Kumkatia mtu simu bila kuagana, alisema, hawezi, kwani amekosewa nini? Mwishowe aliyetukatia vizuri, bila kuombwa, ni jamaa aliyekuwa akitudai.

Laini ikajifunza kukata. Sasa kompyuta ikaanza kupokea. Dada wa mapokezi alirekodi sauti yake nzuri kabisa: karibu, kwa ufuatiliaji wa mizigo bonyeza moja, kwa malipo bonyeza mbili. Siku chache baadaye mteja mkubwa wa Bujumbura alimpigia Mzee kwenye simu yake ya mkononi, amekasirika. Umeajiri binti asiye na adabu. Namuuliza habari za nyumbani, ananiambia bonyeza moja. Namuuliza watoto, ananiambia bonyeza mbili.

Wapo wataalamu wanaosema sauti ya kupokea wateja iwe fupi iwezekanavyo. Hawajafanya biashara na watu wetu. Tulirekodi upya: "Habari za huko?" Kisha kimya, cha kumtosha mtu mzima kujibu. "Sisi huku hatujambo, tunashukuru." Kimya kingine. Ndipo linakuja neno la kubonyeza. Malalamiko yakaisha, na nina hakika wapo ambao mpaka leo wanaamini wanaongea na mtu. Kosa tulilibakiza kwenye muziki wa kusubiria. Mzee alichagua taarabu, zile ndefu zenye utangulizi wa fidla, na sasa ukimwunganisha mteja haraka anakuomba umrudishe alikokuwa, wimbo haujafika penyewe.

Mzee wa cherehani aliwasili sare za shule zilipopoa, kavaa koti, kitambulisho mfukoni. Alikikagua chumba chake cha zamani, akaisalimia meza yake, akauliza kila waya unakwenda wapi. Fundi akamweleza kila kitu, na katika kueleza akapitisha sentensi moja zaidi ya iliyohitajika: kwamba kwa mtambo huu, simu ya ndani ya ofisi si lazima iwe ndani ya ofisi. Inaweza kuwa programu kwenye simu ya mkononi, popote penye intaneti.

"Hata Morogoro?"

Hata Morogoro. Kule namba za mezani huanza na 023, lakini mteja hataijua tofauti. Mzee wa cherehani akaiweka kalamu mezani, mezani kwake, na kusema kuwa atasaini kwa moyo mweupe, ila naye apewe mkonga wake. Mzee alinitazama. Mimi nilimtazama fundi. Fundi alitazama begi lake.

Ndiyo maana leo ukipiga kwetu, baada ya salamu, baada ya mizigo na malipo, utasikia: kwa cherehani, bonyeza tatu. Kompyuta huandika kila simu na kilichobonyezwa, na Mzee hakufurahi alipoona orodha ya mwezi wa kwanza; tatu imeziacha mbali moja na mbili. Lakini majuzi mama mmoja wa Goma alibonyeza tatu akitaka bei ya sindano, na katika maongezi ikajulikana kuwa ana shehena ya cherehani inayokuja kwa meli na hajapata wakala. Mzee wa cherehani, aliyejifunza kuhamisha simu kabla ya sisi wote, akamwambia asubiri kidogo, akamleta kwetu, akamwachia taarabu njiani.

Sasa anadai kamisheni. Mzee anasema kamisheni gani, wakati namba ni ya kampuni na karatasi ya saini ipo. Wanabishana karibu kila jioni kwa simu ya ndani, ambayo kwa upande wetu haina gharama, kwa hiyo hakuna mwenye haraka. Bando analipia wa Morogoro, na likiisha, kompyuta inakata yenyewe bila kumngoja mtu aage.