Yah: Jedwali Pana na Nusu Ukurasa Uliobaki Wazi

Kwa Mheshimiwa Mpangaji Kurasa wa LaTeX, Idara ya Safu Mbili.

Jedwali pana ni lile lisiloenea katika safu moja ya ukurasa. Katika kiolezo cha IEEE, safu moja ina upana wa pointi 252, karibu sentimita 9, na upana wote wa maandishi ni pointi 516, kwa kuwa kati ya safu na safu pana kichochoro cha pointi 12. Jedwali lenye safuwima 9 za takwimu halipiti katika mlango wa 252. Mwandishi hulitia nyota, likaitwa table*, na nyota hiyo ndiyo hati yake ya kusafiria: kwayo linaruhusiwa kukalia safu zote mbili. Kuanzia hapo limo mikononi mwa Mheshimiwa, na barua hii inahusu yanayolipata humo.

Sheria zinajulikana. Jedwali lenye nyota halikai pale lilipoandikwa. Halikai chini ya ukurasa. Hata juu ya ukurasa unaopangwa wakati linapowasili halikai, bali hupelekwa foleni, likangoja ukurasa unaofuata ufunguliwe, ndipo likae juu yake au lipewe ukurasa wa peke yake. Herufi h ya here, yaani hapa, ambayo mwandishi huiandika kwa imani ya mtoto anayerusha jino juu ya bati, hupokelewa kwa heshima na haifanyiwi kitu. Ndiyo maana wazoefu huliandika jedwali la ukurasa wa 5 katikati ya maneno ya ukurasa wa 4, mahali ambapo halihusiani na lolote. Sentensi moja ikiongezwa ukurasa wa 2, hesabu huanza upya.

Kuchelewa kunavumilika, nchi zetu zimetufunza. Kisichovumilika ni nusu ukurasa. Kila ukurasa mpya unapofunguliwa, Mheshimiwa huanza kwa kuuliza kama vilivyo foleni vinatosha kukaa ukurasa wa peke yao, na kwake kutosha ni nusu tu: \dblfloatpagefraction huja ikiwa 0.5 katika darasa la kawaida la article. Kikomo cha jedwali linalokaa juu na maandishi yakaendelea chini yake, \dbltopfraction, humo ni 0.7. Sasa lichukuliwe jedwali lenye asilimia 55 ya kimo cha ukurasa. Lingeweza kukaa juu bila ugomvi na mtu. Lakini swali la nusu huulizwa kwanza, na jedwali limeshalifaulu, kwa hiyo linakabidhiwa ukurasa mzima. Linasimama katikati kama bwana harusi aliyekimbiwa, weupe juu, weupe chini. Asilimia 45 imekwenda. Na kamati ya mkutano iliyoweka kikomo cha kurasa 8 huuhesabu ukurasa huo kuwa umejaa.

Basi mwandishi hukata. Hukata aya ya mapungufu ya utafiti, hukata shukrani kwa waliojibu dodoso juani, hukata mfano alioutafuta wiki mbili, ili weupe ambao hakuna aliyeuomba upate pa kulala. Hiyo ni dhuluma, haina jina jingine. Inafanyika saa sita kasoro dakika kumi usiku, makala yakitakiwa saa sita, na anayeifanya ni mashine inayopima kwa kipimo ambacho pointi moja hugawanywa mara 65,536. Anayeweza kupima hivyo hawezi kusema hakuiona nusu ukurasa.

Mheshimiwa awe radhi kwa maneno hayo. Maombi yanayofuata yanaletwa kwa unyenyekevu.

Ombi la kwanza ni kwamba weupe huo upimwe na ugawiwe kwa waliousababishiwa. Kwa vipimo vya kiolezo kilichotajwa, asilimia 45 ni eneo la sentimita 18 kwa 11 hivi, na eneo la namna hiyo halifai kulala bure. Mpima aletwe na kamba, bikoni zipigwe kwenye pembe, na namba ya ukurasa iachwe nje kwa kuwa imo katika hifadhi ya barabara. Kichochoro cha pointi 12 kibaki njia ya mguu, asijenge mtu. Kwa kuwa jedwali hukaa katikati, kiwanja kitatoka vipande viwili, na ni lazima hilo liandikwe mapema lisije likaleta kesi: kipande cha juu, chenye jua, kitachukuliwa na msimamizi wa tasnifu kama ilivyo desturi, na cha chini kitakuwa cha aliyekusanya data. Mashahidi wa mauziano watakuwa Jedwali la 2 kwa upande wa juu na Marejeo kwa upande wa chini. Mjumbe wa mtaa apewe chochote.

Kilimo kinachopendekezwa ni mchicha. Hauhitaji kina kirefu, jambo la maana kwa karatasi, na huvunwa ndani ya wiki chache, wakati maoni ya wahakiki huchukua miezi. Mavuno mawili au matatu yatakuwa yameshauzwa kabla mhakiki wa pili hajaandika kwamba majedwali hayasomeki. Mapato yaende kwenye ada ya kujiandikisha mkutanoni. Ili mwandishi mwingine mwenye mchoro mpana asivamie, maneno ENEO HILI HALIUZWI yaandikwe kwa rangi nyekundu kwenye safu zote mbili, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kiolezo, kitu kipana kitakuwa kimekaa mahali hasa kinapohitajika.

Ombi la pili: herufi h itolewe cheti cha kifo kwa majedwali yote yenye nyota, familia zipumzike. La tatu: \resizebox isiuzwe bila karatasi ya daktari, maana jedwali la pointi 700 likibanwa kwenye 252, herufi ya pointi 10 hushuka hadi 3.6, na hapo wasomaji wanaobaki ni sisimizi. La nne: anayeletewa jedwali lililolazwa ubavu alipiwe fundi wa shingo.

Wakati maombi yakisubiri, waandishi wanajitibu kienyeji, na dawa nyingine zinafanya kazi. Kila safuwima ya jedwali huja na pambizo ya pointi 6 kushoto na 6 kulia. Safuwima 9 zina pointi 108 za hewa tupu. \tabcolsep ikishushwa hadi 3, pointi 54 hurudi, na @{} kwenye kingo mbili huokoa kidogo tena. Majedwali mengi yanayodaiwa kuwa mapana ni membamba yaliyovaa koti, na mengine yana safuwima tatu ambazo hakuna atakayezisoma. Yaliyo mapana kwelikweli hupandishiwa kizingiti: \dblfloatpagefraction ikiwekwa 0.85, jedwali la asilimia 55 hukaa juu na maandishi hurudi chini yake, bila mpima wala mchicha. Anayetaka chini ya ukurasa huita kifurushi cha stfloats. Anayeandika [t] peke yake, yaani juu tu, aangalie: jedwali la asilimia 72 halitoshi juu kwa kikomo cha 0.7 na limenyimwa ukurasa wake, kwa hiyo hungoja hadi mwisho wa waraka, na majedwali yote yaliyo nyuma yake kwenye foleni hungoja nalo.

Hayo yote yameandikwa kwenye miongozo, na ndiyo jibu analopewa kila anayelalamika: badilisha namba mwenyewe. Lakini kwa nini mgeni wa kila mwaka, mwanafunzi anayeandika makala yake ya kwanza, aanze kwa kuzirekebisha namba za mwenye nyumba? Mheshimiwa si kiziwi. Zamani majedwali ya nyota na yasiyo na nyota yalipanga foleni mbili zisizojuana, hata Jedwali la 3 likatangulia la 2. Mwaka 2015 kasoro hiyo ilirekebishwa ndani ya LaTeX yenyewe. Mwaka huohuo idadi ya vitu vinavyoweza kusubiri foleni ilipandishwa kutoka 18 hadi 52. Yaani maombi yalisikilizwa, na kilichoongezwa ni viti vya kusubiria.

Ofisi inaombwa ijibu kabla ya mkutano ujao. Jedwali la 3 la makala iliyosababisha barua hii linatajwa ukurasa wa 4. Lenyewe liko ukurasa wa 9, baada ya Marejeo.

Nakala: Jedwali la 3, popote litakapokuwa.