Karo ya Kamasi

Mtoto wa Lodwar akianza chekechea, kabla hajajua kuhesabu huwa ameshahitimu kukohoa. Jumatatu mafua, Jumatano macho mekundu, Ijumaa kuhara, na wikendi ni zamu ya mama. Tangu Katiba ya Kenya ya 2010 chekechea ni kazi ya kaunti: darasa likiwa na mabati na bango la uzinduzi, tunapiga makofi. Maji ya kunawa mikono hayana utepe wa kukata, basi yasubiri. Kule Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoanza 1992, watoto wa mataifa kadhaa hupokezana kikombe cha uji. Umoja wa Afrika uliowashinda marais, watoto hawa wameukamilisha kwa kamasi. Mheshimiwa, safari hii zindua mtungi na sabuni.